Toba Ianzie Sahanini

Ndugu zangu, leo nahubiri juu ya ini. Usigeuze ukurasa. Moyo umeshahubiriwa vya kutosha, kila mwenye kipaza sauti ana neno juu ya moyo; ini hukumbukwa buchani tu, tena la ng'ombe. La kwako limelala upande wa kulia chini ya mbavu, lina kilo moja na nusu hivi, na tangu uzaliwe halijapumzika hata usiku mmoja. Linatengeneza nyongo, linaweka akiba ya sukari ya mwili, linavunja sumu, linashughulikia kila kidonge unachomeza. Halilalamiki. Na kwa kuwa halilalamiki tumelionea, kwa mdomo huu huu tunaosalia.

Ini likianza kujaa mafuta haliumi. Unaweza kulibeba hivyo miaka kumi, hata ishirini, huku mtaa mzima ukikusifu: kanawiri, ndoa imemkubali, kitambi cha heshima. Madaktari huhesabu kwamba ini lina ugonjwa huu pale mafuta yanapozidi asilimia 5 yake, na duniani sasa inakadiriwa kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu anao. Kwa wengi hubaki mafuta tu. Kwa baadhi ini huumuka na kuchubuka kwa ndani, palipochubuka pakaota kovu, makovu yakikithiri ini likawa gumu na kusinyaa, na katika ini lililosinyaa saratani hupata pa kuota. Safari hiyo ni ya miaka mingi, na mtu aliye katika hatua za mwanzo anaweza kugeuza njia akarudi. Ndiyo sababu nahubiri. Pasipo na marejeo mhubiri hana kazi, abaki mchimba kaburi.

Najua kuna anayesema moyoni: hayo ni ya walevi. Wewe uliyeokoka ukavunja chupa zako, na wewe uliyezaliwa katika nyumba ambayo pombe haijawahi kuvuka kizingiti, nawaambia msijifiche hapo. Mwaka 1980, katika kliniki ya Mayo mjini Rochester, Minnesota, daktari aitwaye Jürgen Ludwig na wenzake waliandika habari za wagonjwa 20 ambao maini yao, yalipokatwa kipande na kuwekwa kwenye hadubini, yalikuwa hayana tofauti na ini la mlevi. Watu hao hawakuwa walevi. Wengi walikuwa wanawake, wengi wanene, wengine wana kisukari. Ludwig alikiri kwamba ugonjwa huo ulikuwa haujapewa jina. Pombe inaharibu ini, tena vibaya, na aliyenayo na kitambi pamoja anachoma mshumaa wake juu na chini. Lakini kuiacha pombe hakujakupa ruhusa ya kuoga soda.

Basi mafuta hayo yanatoka wapi? Hapa ndipo watu wengi wamepotea, na nitakaa hapa kitambo.

Twende kwanza kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwa wafugaji wa bata na bukini. Wana kitoweo chao cha kifahari kiitwacho foie gras, nacho ni ini la ndege aliyenenepeshwa makusudi mpaka likawa laini na lenye rangi ya siagi. Mfugaji anamlisha nini ndege huyo? Siagi hampi, wala mafuta ya nguruwe. Anampa mahindi! Mahindi yaliyochemshwa, yakashindiliwa kooni kwa mrija mara kadhaa kwa siku katika majuma ya mwisho kabla ya kuchinjwa. Kwa muda huo mfupi ini lake linakuwa kubwa mara sita mpaka kumi ya lile la kawaida. Wala si ujuzi wa jana. Makaburi ya Saqqara huko Misri, yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, yana michoro ya watu wakiwashindilia bukini chakula. Farao alishajua kwamba ndege hunenepa kwa nafaka. Sisi, wenye mahospitali na simu za mkononi, bado tunaondoa ngozi ya kuku kwa hofu, kisha tunasukuma ugali wa sembe uliojaa sahani kwa soda baridi.

Sasa turudi nyumbani, Kampala, hospitali ya Mulago. Daktari Mwingereza Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, baadaye akahamia Mulago akafanya kazi huko miaka mingi. Kilichomkosesha usingizi ni watoto. Waliletwa wamevimba miguu na nyuso, nywele zimepauka, ngozi inabanduka, tumbo limetangulia mbele, hawachezi wala hawalii kwa nguvu. Huko Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo, daktari Cicely Williams alikuwa ameueleza ugonjwa huo mwaka 1933, ndio kwashakoo. Wengi wa watoto hao walikuwa wameachishwa ziwa na kuwekwa kwenye ndizi, au muhogo, au uji mtupu wa mahindi, bila maharage, bila samaki, bila maziwa. Walipokufa na kupasuliwa, maini yao yalikutwa yamejaa mafuta. Mwaka 1954 Trowell na wenzake wawili walitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo.

Lisikie hilo, ndugu. Mtoto mwenye njaa, ambaye hajawahi kula kipande cha nyama nono, ana ini la mafuta. Wataalamu wanaendelea kubishana juu ya sababu zote za kwashakoo, lakini moja inaeleweka vizuri: ini linahitaji protini ili litengeneze vibebeo vya kuyatoa mafuta na kuyapeleka mwilini. Mtoto analetewa wanga mtupu, ini linaugeuza, na cha kuyabebea mafuta hakuna. Yanabaki palepale.

Huyo Trowell ana neno jingine kwetu. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika, katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki, habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mmoja! Mgonjwa mmoja wa Kiafrika alikuwa jambo la kuchapishwa, kwa kuwa madaktari hawakuzoea kuwaona. Alipostaafu alirudi kwao akapewa daraja la ukasisi katika kanisa la Anglikana, na hata ndani ya joho hakunyamaza: mwaka 1975 yeye na Denis Burkitt, aliyewahi kuwa daktari mpasuaji Mulago, walihariri kitabu juu ya sukari na nafaka zilizokobolewa na magonjwa yanayofuatana navyo. Kwa hiyo asije mtu akaniambia mhubiri hana kazi jikoni.

Bata wa Ufaransa, mtoto wa Mulago, na bosi wa leo mwenye kitambi: watatu hawa wamekutana kwenye wanga mwingi uliotengwa na wenzake. Bosi ameongeza na sukari juu yake, na hapo amewapita wote wawili.

Maana sukari hii ya mezani ni nusu glukosi, nusu fruktosi. Glukosi hugawanywa mwili mzima; misuli inakula, ubongo unakula. Fruktosi kwa sehemu kubwa huishia kwenye ini. Ini lina nafasi ndogo ya kuweka akiba ya sukari, gramu 100 hivi, na ya mtu asiyetembea haipungui upesi. Inayozidi itawekwa wapi? Wafugaji wanajua la kufanya maziwa yakizidi: yanasukwa, yanachemshwa, yanakuwa samli ya kukaa miezi. Ini linafanya hivyo hivyo na sukari. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliyafuatilia mafuta ya kwenye maini ya wagonjwa ili kujua yametoka wapi. Asilimia 59 yalitoka kwenye akiba ya mafuta ya mwili, yaani kitambi na jamaa zake. Asilimia 26 yalitengenezwa na ini lenyewe, kwa sukari na wanga. Yaliyokuja moja kwa moja kutoka kwenye mafuta ya chakula yalikuwa asilimia 15. Wewe umepigana na hiyo 15 maisha yako yote, na hiyo 26 umeipikia chai.

Chai! Kaa kwenye kibanda cha chai saa moja asubuhi umtazame mteja mmoja tu. Chai ya maziwa imeshatiwa sukari jikoni, ndani ya sufuria, kabla haijaingia chupani. Anamiminiwa kikombe kikubwa. Anaonja, anakunja uso, anavuta kopo la sukari. Kijiko cha kwanza kimejaa mpaka juu. Cha pili punje zimemwagika mezani naye anazikusanya kwa kidole, asipoteze. Mkono wa pili una chapati iliyokunjwa kama barua, na pembeni maandazi mawili yanasubiri zamu. Muulize habari za afya. Atakwambia daktari amemkataza mafuta, na yeye ni mtiifu, nyama nono haigusi. Atakwambia hivyo huku anakoroga.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu zote tunazopata kwenye chakula, na ikishuka chini ya nusu ya hapo ndiyo bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo nusu ni gramu 25, vijiko sita vya chai, tena vya kusawazishwa na kisu. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina kama vijiko tisa. Umeinywa kwa dakika tano, umesimama, unasubiri daladala. Na usinikimbilie kwenye juisi. Juisi ya pakiti ni soda isiyo na mapovu. Juisi ya miwa iliyokamuliwa mbele yako, na ndimu juu yake, ni sukari iliyotoka shambani moja kwa moja. Asali nayo, pamoja na heshima zake zote katika vitabu vitakatifu, ikifika kwenye ini haiulizwi imetoka kwa nyuki gani. Chungwa lenyewe kula, na nyuzi zake. Embe moja kula. Tende mbili tatu kula. Tunda lina kamba zake, linakushibisha kabla hujafanya madhara. Machungwa sita kwenye glasi moja hakuna aliyeyatafuna.

Mtasema ninatia chumvi. Danieli na wenzake watatu walipozikataa sahani za mfalme wa Babeli wakaomba nafaka na maji, waliomba wajaribiwe siku kumi. Watafiti wa San Francisco waliomba siku tisa. Waliwachukua watoto na vijana wanene, wa umri wa miaka 9 hadi 18, waliozoea sukari nyingi. Kwa siku tisa wakawaondolea sukari ya kuongezwa na mahali pake wakaweka vyakula vya wanga, kwa kipimo kilekile cha nguvu, ili wasipungue uzito. Habari yao ilichapishwa mwaka 2017: mafuta ya ini yalishuka kutoka asilimia 7.2 hadi 3.8. Siku tisa! Hawakufunga, hawakunywa majani machungu, hawakukimbia milimani. Ndiyo maana nasema sukari iondoke kwanza. Kilima cha wali tutakishughulikia kikifuata.

Na kuna jaribio jingine nalipenda kuliko hilo, la mwaka 2019, kwa wavulana 40 wenye ini la mafuta, wiki nane. Waliowekwa kwenye mlo wa sukari kidogo mafuta yalishuka kutoka asilimia 25 hadi 17. Lakini siri yake sikiliza: watafiti hawakumpikia mtoto peke yake. Walipanga chakula cha nyumba nzima. Baba, mama, dada, kila aliyelala chini ya paa lile alikula mlo uleule. Akina mama mnaonisoma, mnajua ninachosema. Baba akiambiwa ana ini la mafuta, anapikiwa kijungu chake pembeni, boga la kuchemsha, anakula kama mfungwa huku wenzake wanapakua pilau. Atavumilia siku nne. Ya tano atakula njiani, na nyumbani atasema hana njaa. Toba ya mtu mmoja kwenye meza ya watu saba haidumu. Nyumba itubu yote.

Nisiwaache bila neno juu ya mafuta ya kupikia, maana sijasema ni huru. Huko Uppsala, Uswidi, mwaka 2014, vijana 39 wembamba walipewa keki ndogo za kula kila siku, juu ya chakula chao cha kawaida, kwa wiki saba. Za kundi moja ziliokwa kwa mafuta ya mawese, za jingine kwa alizeti. Wote waliongezeka uzito sawasawa. Maini ya kundi la mawese ndiyo yaliyoongezeka mafuta zaidi, tena kwa mbali. Sasa angalia yale mafuta ya kuganda ya kukaangia maandazi, na yale ya dumu yasiyo na jina, ujue ni mti gani mara nyingi umeyazaa. Aliye Singida ana alizeti mlangoni. Atumie, lakini kwa kijiko, asimimine kama anayemwagilia bustani.

Kwa hiyo tule nini? Swali hili huulizwa kwa sauti ya kinyonge, kana kwamba nimewafukuza peponi. Mmesahau mlichoachiwa na bibi zenu. Maharage, kunde, choroko, mbaazi. Mchicha, matembele, kisamvu, mnafu, sukuma wiki. Dagaa wa Mwanza na wa Kigoma, samaki wa kuchemsha kwa ndimu, mtindi usiotiwa sukari, karanga za kiganja kimoja. Ugali wa dona, wa mtama, wa ulezi. Sahani igeuzwe: mboga zichukue nusu yake, kitoweo robo, na ugali au wali ukae kwenye robo iliyobaki ukijua si mwenye nyumba. Kwa mama ntilie utakuta kinyume: mlima wa wali, maharage vijiko viwili, na mchicha uliopangwa kando kama pambo la harusi. Mwambie, dada, punguza wali niongezee maharage. Hatakukatalia, na bei ni ileile.

Wala si mimi tu ninayewasifu bibi zenu. Mkoani Kilimanjaro, madaktari wa hospitali ya KCMC ya Moshi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwachukua vijana wa kiume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini, chenye ndizi, maharage na mboga za majani, wakahamishiwa kwenye soseji, mkate mweupe na chipsi. Wa mjini wakarudishwa kwenye chakula cha asili. Wiki mbili tu. Matokeo yalitoka mwaka 2025: waliohamia vyakula vya kisasa damu yao ilionyesha uchochezi umepanda na kinga imelegea, waliorudi kwa bibi uchochezi ulishuka. Utafiti ule ulihusu kinga na uchochezi, haukuwa wa mafuta ya ini, nami siutumii kwa zaidi ya hapo. Lakini uchochezi ndio unaolitoa ini kwenye mafuta matupu na kulipeleka kwenye makovu. Kijana aliyezaliwa Marangu anayelipa pesa ale soseji, na kuona haya kula kiburu, chakula cha kwao, mbele ya wenzake, ajitafakari.

Wengine wataniletea habari kwamba sisi Waafrika tumejaliwa, ugonjwa huu hautupati sana. Kuna ukweli ndani yake. Kule Dallas, Texas, watu zaidi ya 2,000 walipopimwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2004, wenye asili ya Afrika walikuwa na ini la mafuta kwa asilimia 24, Wazungu 33, wenye asili ya Amerika ya Kilatini 45. Mnashangilia 24? Ni mmoja kati ya wanne. Na ini la Afrika Mashariki lina maadui wengine walio wachache zaidi Texas: homa ya ini aina ya B, na sumukuvu ya mahindi yaliyoota ukungu, ile iliyowaua watu 125 huko Kenya, Makueni, Kitui na jirani zake, mwaka 2004. Ini lililokwisha kupigwa upande huo halitaki kuongezewa mzigo wa soda.

Sasa niwaguse wenye kufunga. Ninyi mnaofunga Ramadhani mmepewa mafundisho ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi. Jua likizama fungu la pumzi linaporwa na kaimati zilizozama kwenye shira, sambusa, visheti, tambi za sukari, na jagi la sharubati nyekundu. Mchana mzima ini limepata nafuu, usiku mmoja linadaiwa yote. Nanyi wa Kwaresima msicheke. Mmeacha nyama siku arobaini, mkajaza pengo kwa mkate mweupe na chai ya vijiko vinne, na Jumapili ya Pasaka kreti za soda zinapangwa ukumbini kwa hesabu ya chupa tatu kwa mgeni. Kufunga huko ni kuzuri kwa roho. Kwa ini kunategemea kinachofuata.

Kuna wanywaji wa kahawa chungu barazani, wazee wa pwani, na hao leo nina habari njema kwao. Tafiti za nchi nyingi zimeona wanywaji wa kahawa wana makovu machache ya ini kuliko wasiokunywa. Endeleeni, wazee wangu, shikamooni. Ila kile kipande cha kashata, kimoja, si sahani.

Na ninyi mnaouza dawa za kusafisha ini! Mnabandika matangazo kwenye nguzo za umeme na kupita kwenye mabasi na vichupa vyenu: siku saba ini jeupe. Ini halisafishwi kwa kunyweshwa. Lenyewe ndilo linalosafisha, na majani msiyoyajua kipimo chake ndiyo linalolazimika kuyasafisha. Yako maini yaliyoharibika kwa dawa za mitishamba. Hata dawa ya kwanza ya hospitali iliyoidhinishwa Marekani kwa hatua ya makovu, resmetiromu, Machi 2024, imeidhinishwa itumike pamoja na mlo na mazoezi. Wenye maabara na mabilioni yao hawakuthubutu kuiuza bila kutaja sahani. Ninyi mnathubutu.

Njia ya kurudi ipo, nayo imepimwa. Havana, Cuba, watu 293 wenye ini lililokwisha kuchubuka walifuatwa kwa wiki 52, na habari yao ilichapishwa mwaka 2015. Walipunguza chakula, wakatembea. Mwishoni vipande vya maini yao vikatazamwa upya. Waliopunguza uzito kwa asilimia 10 au zaidi, 90 kati ya kila 100 ule mchubuko uliondoka, na 45 kati ya 100 hata makovu yalirudi nyuma. Makovu, ndugu! Waliofika kwenye hiyo asilimia 10 walikuwa wachache, sitawadanganya. Lakini asilimia 5 nayo inaondoa mafuta mengi. Kwa mwenye kilo 90 ni kilo nne na nusu. Usizikimbize. Kilo moja kwa wiki isipitwe, maana anayejikondesha ghafla kwa njaa naye hulidhuru ini, kama mtoto wa Mulago. Mwenye kutumia dawa za kisukari asibadili mlo kwa ghafla bila daktari wake kujua, na mama mjamzito hahusiki na kupunguza uzito.

Wala mwembamba asinicheke. Wapo wembamba wa mikono na miguu wenye mafuta tumboni na kwenye ini, na mashine ya altrasaundi huwaumbua: ini lenye mafuta huonekana jeupe, linang'aa kuliko figo lililo jirani yake, hata asiyesoma udaktari anaiona tofauti akionyeshwa. Mtu huingia pale kwa ajili ya mawe ya figo, akatoka na habari ya ini.

Nawaomba basi, kwanza wenyeviti wa kamati za harusi, vipaimara, maulidi na misiba: katika kikao chenu kijacho, kwenye mstari wa vinywaji, andikeni maji kwanza, na soda iwe ya atakayeiomba. Wachungaji, mapadri na masheikhe, chai ya ofisini kwenu iletwe bila sukari, kopo likae kando, kila mtu atie yake mbele ya wenzake. Akina mama, sufuria ya chai ya kesho isitiwe kitu. Na wewe mwenye kisukari, au presha, au mshipi uliosogezwa tundu la pili mwaka huu, wiki hii nenda kituo cha afya. Omba vipimo vya ini vya damu na hesabu ya chembe sahani, maana kwa hivyo na umri wako daktari anaweza kukadiria kama makovu yameanza. Omba na altrasaundi ikiwa ipo. Pima na homa ya ini B, na ukikutwa huna, uchanjwe. Nenda ukiwa hujisikii kuumwa, kwa sababu ndivyo wengi wenye ugonjwa huu walivyo.